Mti Mwekundu wa Nchi ya Shaba

Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, mama mmoja wa parokia alitujia baada ya Misa, simu mkononi. Mwanawe anakaa Kanada, na alikuwa amemtumia picha ya mti uliosimama mbele ya nyumba yake: majani yote mekundu, tangu chini hata kileleni, kama makala yanayopulizwa. Mama akauliza, "Wandugu, mti huu hauwezi kupandwa hapa kwetu Kolwezi? Nataka niuone kila asubuhi nimkumbuke mtoto wangu."

Tulimjibu upesi, na jibu letu halikumpendeza. Basi twalileta tena hapa, safari hii kwa utaratibu, maana katika kulitafuta tumekuta habari ndefu kuliko tulivyodhani.

Mti ule, sisi tuliosoma Kifaransa tunauita erabli. Jani lake ndilo lililo katikati ya bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Wajapani nao wana erabli ya kwao, ndogo, yenye majani yaliyochanika kama vidole vya mkono. Wameilea karne nyingi katika bustani zao hata wakapata aina nyingi sana, na baadhi yake ni nyekundu tangu jani linapochipua. Watunzaji wake hufundisha hivi: uipe udongo laini usiotuamisha maji, uipatie kivuli wakati wa jua kali, usiache mizizi ikauke, uikinge na upepo mkavu. Hayo yote mtu wa Kolwezi mwenye bidii angeweza kuyafanya. Liko jambo moja tu asiloliweza. Erabli hutaka kulala. Kila mwaka lazima ipate miezi ya baridi ya kweli, mchana na usiku, ipukutishe majani na kupumzika, ndipo iamke na nguvu mpya. Sisi tuko juu, ni kweli, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na mwezi wa Juni na Julai wazee huota moto asubuhi. Lakini baridi yetu ni ya usiku. Saa nne jua limekwisha kurudi. Halafu hufuata Septemba na Oktoba, joto na upepo wa vumbi. Erabli ikisimama katika hali hiyo majani yake huungua kingoni, na mti unyimwao usingizi wake hudhoofika kidogo kidogo.

Hayo ndiyo tuliyomwambia mama yule. Kisha mmoja wetu akaongeza neno ambalo ingefaa tuanze nalo: "Mama, mti mwekundu tunao."

Toka mjini mwezi wa Septemba, ushike barabara ya Likasi, uvuke machimbo na malori, ufike mahali ambapo msitu bado umesimama. Mvua haijanyesha tangu Aprili au Mei. Nyasi ni kavu, nyingine zimeungua, nchi nzima ina rangi ya majivu. Na katika ukame huo miti imevaa majani mapya: mekundu, ya rangi ya divai, ya rangi ya shaba, mengine yanakaribia waridi. Baada ya siku si nyingi yatageuka kijani, na mvua ikifika mtu hatajua tena kwamba yalikuwa mekundu. Mti unaong'aa kuliko mingine ni ule ambao wengi katika Katanga, na ng'ambo ya mpaka huko Zambia, huuita muputu. Ni ndugu wa miti ile ambayo kwa jumla huitwa miombo, nalo ni jina letu wenyewe, lililotoka katika lugha za nchi hizi. Wataalamu wa dunia nzima wamelichukua, na leo husema "miombo" kwa msitu wote unaotandaa toka Angola, kupitia Katanga na Zambia, hata Tanzania na Msumbiji.

Tuangalie tofauti moja iliyotushangaza sisi wenyewe. Jani la erabli kule Kanada huwa jekundu linapokaribia kufa. Majira ya baridi yakija, mti huondoa ile dawa ya kijani iliyo ndani ya jani, na wekundu huonekana, kisha jani huanguka. Jani la muputu huwa jekundu linapozaliwa. Rangi yenyewe ni moja: wataalamu huiita antosiani, nayo ndiyo inayotia wekundu katika matunda mengi. Wengi wao huona kwamba katika jani changa rangi hiyo ni kama shuka la mtoto mchanga, hulikinga na ukali wa jua mpaka ngozi yake ikomae. Lakini maji ya kuotesha majani hayo yatoka wapi, na mvua iko mbali bado? Muputu una mizizi inayoshuka sana, tena umeweka akiba ndani ya shina lake. Hauingoji mvua. Hutangulia mbele yake wiki nyingi.

Sasa tuingie katika historia, kwa maana msitu huu na shaba yetu vimeishi pamoja tangu zamani, na mara nyingi msitu ndio uliolipa.

Wazee wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na maziwa ya Upemba, chini zaidi kwenye mto Lualaba, wakakuta humo vyombo vya shaba pamoja na ile misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Misalaba mitatu kama hiyo iliwekwa katika bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika mwaka 1926 juu ya mafundi hao, akawaita walaji wa shaba, maana ndiyo iliyowalisha. Walifanya kazi yao wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, wanaume walishuka mashimoni. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Na moto? Moto ulikuwa makala ya miti migumu ya miombo. Hakuna msalaba hata mmoja wa shaba ambao haukugharimu mti.

Lakini wazee hao walijua pia kusoma miti. Penye shaba nyingi udongoni muputu hauoti. Ndiyo maana vilima vyetu vya shaba, kama vile vya Fungurume, vilikuwa na vipara vya nyasi katikati ya msitu. Na juu ya vipara hivyo yaliota maua ambayo hustahimili sumu ya shaba. Moja lina rangi ya zambarau, nalo kwa Kifaransa huitwa ua la shaba. Haumaniastrum katangense ndilo jina lake la kitaalamu. Ua hilo huota hata mahali palipoyeyushwa shaba zamani na kusahauliwa. Watafiti wamelifuata wakagundua matanuru ya kale chini yake! Kwa hiyo mti kukosekana ilikuwa habari, na ua kuwapo ilikuwa habari nyingine. Wazungu walipofika, Jules Cornet kati ya mwaka 1891 na 1893, na George Grey tangu 1899, waliongozwa na wenyeji mpaka kwenye vipara vilevile. Vitabu husema kwamba hao wawili ndio waliovumbua. Sisi twasema walionyeshwa.

Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1910 reli ikafika Elisabethville kutoka kusini, na mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Kolwezi yetu ilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1930, iwe makao ya machimbo ya magharibi. Msitu ulifyekwa ili kujenga kambi za wafanyakazi na nyumba za wakubwa. Kisha, baada ya kufyeka, wakapanda. Hapo ndipo twaona jambo la kuchekesha kidogo. Waliondoa mti wenye majani mekundu, wakaleta mingine kutoka mbali ili ipambe njia: jakaranda kutoka Amerika ya Kusini, na flamboyanti ya Madagaska. Hatusemi miti hiyo ni mibaya. Tumekua chini ya kivuli chake, na mwezi wa Oktoba barabara iliyofunikwa na maua ya jakaranda ni kitu cha kumshukuru Mungu.

Nani aliipanda? Vitabu vya kampuni vyataja mainjinia. Mashimo yalichimbwa na maboyi wa bustani, na ndoo za maji zilibebwa na wao. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, kitabu kidogo juu ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya wale waliokuwa watumishi wa nyumbani. Humo maisha ya watumishi hao yasimuliwa na mtumishi mwenzao, kutoka upande wa jikoni na wa ua. Kila apitaye chini ya jakaranda ya kale na akumbuke kwamba mizizi yake ilimwagiliwa na mtu aliyelala chumba cha nyuma.

Katika mimea iliyoletwa iko miwili ya kuambatana na habari yetu. Wa kwanza ni flamboyanti. Ndugu zetu wa Tanzania huuita mkrismasi, kwa sababu huwaka maua mekundu karibu na Noeli. Wa pili ni poinsetia, mmea wa Meksiko, ambao huko Ulaya hujaa makanisani siku ya Noeli. Ule wekundu wake si maua bali majani ya juu. Maua yenyewe ni vitu vidogo vya manjano katikati. Watu wengine hulalamika kwamba poinsetia yao "imepotea siku", kwa kuwa hapa huwa nyekundu mwezi wa Juni na Julai, na Noeli huikuta ya kijani. Haikupotea. Mmea huo huhesabu urefu wa usiku, na hugeuza rangi usiku unapokuwa mrefu. Kaskazini mwa ikweta usiku mrefu ni wa Desemba. Kwetu kusini ni wa Juni. Poinsetia yafuata kalenda ya jua.

Turudi kwenye mambo mazito. Huko Lubumbashi moshi wa tanuru ulipelekwa na upepo wa kusini-mashariki upande mmoja tu, miaka na miaka. Ulibeba salfa na vumbi la madini. Msitu wa upande huo ulikufa, mvua ikaosha udongo, na mtaa wa Penga Penga ukabaki na nchi tupu iliyo nyekundu. Wekundu huo si wa majani! Moto wa tanuru ulizimika katika miaka ya 1990, lakini shaba iliyoanguka ingali udongoni. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamejifunza jinsi ya kuutuliza udongo huo: wameotesha nyasi moja ya vilima vya shaba, iitwayo Microchloa kunthii, iushike udongo usipeperuke, na wamejaribu miti katika mashimo yaliyotiwa mboji na chokaa. Chokaa hupunguza ukali wa udongo, na mboji huikamata shaba isiingie sana mizizini. Msomaji wa Kolwezi alishike neno hilo, maana litamfaa kiwanjani kwake.

Kwetu Kolwezi jeraha lilikuja kwa njia nyingine. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, Gécamines ikaanguka pamoja na mishahara yake, na watu maelfu wakatafuta njia ya kuishi. Wengine walichimba, wengine walichoma makala. Mji hupika kwa makala, kwa kuwa umeme ni wa kubahatisha, ingawa mabwawa ya Lualaba yako karibu nasi, Nzilo tangu miaka ya 1950. Twasema wazi: hatumlaumu baba anayepita na baiskeli iliyolemewa magunia alfajiri. Sisi pia jana tulipikia makala. Lakini gunia lile ni muputu, na mwaka hadi mwaka anaufuata mbali zaidi.

Kisha ikaja habari ya Kasulo. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba kiwanjani kwake akakuta madini ya kobalti. Habari ilienea, na muda si muda parsele nyingi za mtaa huo zilikuwa na shimo, wakati mwingine ndani ya nyumba chini ya turubai. Mahali pa namna hiyo hakuna mti usimamao. Maembe na mapapai yaliyolishwa na mama za watu miaka ishirini yalikauka, au yalikatwa ili mbao zishikilie kuta za mashimo. Na watu walikufa humo. Mtu akituambia kwamba kuandika juu ya mti wa mapambo katika mji kama huu ni kupoteza karatasi, tutamjibu kwamba mti ulio hai katika parsele ni alama kwamba mwenye nyumba anatazamia kukaa.

Basi, jinsi ya kuutunza muputu. Neno la kwanza twalisema kwa aibu. Sisi wenyewe tulikwenda porini, tukang'oa miche midogo kumi na miwili, tukaipanda kwa mstari mzuri mbele ya kapela na kuimwagilia kila jioni. Yote ilikauka. Baadaye tukaelewa. Mche wa muputu ulio mrefu kama kidole juu ya ardhi huwa na mzizi mrefu mara nyingi zaidi chini, na ukiukata umeua mti. Tena mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu fulani wa udongoni, ambao huisaidia kunyonya chakula. Mazao ya kuvu hao wa msituni ndiyo mengi ya bowa tunayookota na kula wakati wa mvua. Kwa hiyo anayetaka muputu na apande mbegu, mahali pale pale utakapokaa siku zote, na katika shimo atie ndoo ya udongo uliochotwa chini ya muputu mkubwa. Maganda yake hupasuka kwa kishindo wakati wa kiangazi na kurusha mbegu mbali. Ziokotwe mapema, zipandwe mvua zinapoanza, kwa sababu hazingoji miaka. Na udongo ukiwa na ukijani wa shaba, asihangaike: hapo si mahali pake.

Neno la pili ni subira. Miaka ya kwanza mche huonekana haukui. Kiangazi kikija kijiti cha juu huweza kufa, na mwenye mti husema, "Umekwisha." Haujakwisha, unajenga chini. Tumeona watu wakilima juu ya miche hai kwa kutojua jambo hilo.

Njia iliyo fupi kuliko zote ni kisiki. Muputu uliokatwa huchipua tena karibu na ardhi kwa nguvu nyingi, kwa kuwa mizizi yote ingali hai. Waache machipukizi yote mwaka mmoja, kisha wachague mawili yaliyonyoka na kukata mengine. Lakini pasichomwe moto. Huko Ndola, Zambia, watu wa misitu walianza jaribio mwaka 1933: sehemu moja ya miombo ilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyingine mapema nyasi zikiwa bado na umande, nyingine haikuchomwa kabisa. Ile iliyochomwa mwishoni ilipoteza msitu wake ikawa nyasi na vijiti. Isiyochomwa ikajaa na kusongamana. Moto wa Septemba ndio muuaji, maana hukuta jani jekundu linatoka. Basi takataka za ua zisichomewe kwenye kisiki. Wala majani makavu yaliyoanguka chini yake yasifagiliwe kila asubuhi, ingawa twajua mama zetu hawapendi ua usiofagiliwa.

Kwa asiyeweza kungoja, poinsetia yatosha. Akate kijiti chenye urefu wa shubiri moja hivi, akiache kidogo utomvu ukauke, akichomeke udongoni mvua zikianza, na usiku kisiangaziwe na taa ya barazani, la sivyo hakitageuka rangi. Utomvu usiguse macho. Iko pia akalifa, mmea wa visiwa vya Pasifiki ambao majani yake yana rangi ya shaba mwaka mzima. Nao huota kwa kijiti.

Yule mama tulimtembelea baada ya mazungumzo yetu. Nyuma ya jiko lake palikuwa na kisiki kipana, akikitumia kupasulia kuni. Kilikuwa muputu, uliokatwa nyumba ilipojengwa, na pembeni palikuwa na vijiti vyembamba ambavyo mbuzi walivila kila mwaka. Alihamisha kazi ya kuni, akazungushia miba. Septemba iliyopita machipukizi sita yalitoa majani mekundu, akayapiga picha na kuituma Kanada. Tumemshauri abakize mawili. Mpaka leo hajakubali kukata hata moja.